Kinga Yahitaji Kinga

Juma hili sina habari za mbali. Nataka tuongee juu ya chombo kinachoegemea ukuta wa nyumba nyingi za kwetu, chombo chenye magurudumu mawili, kengele moja, na mara nyingi nusu ya breki.

Vitabuni chombo hicho huitwa baisikeli. Sisi watu wa Kongo wengi twakiita kinga. Na mwalimu wenu wa Kiswahili atawaambia kwamba neno hilo lina maana nyingine pia: kinga ni kitu kinachozuia hatari isimfikie mtu. Ndiyo maana husemwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Basi swali langu la leo ni jepesi kulitamka, lakini gumu kulijibu: hizo kinga zetu zina kinga gani barabarani?

HABARI YA JIRANI YANGU

Ninaye jirani, baba wa watoto watano. Kazi yake ilikuwa kununua ndizi na mafuta ya mawese upande wa Beni, kuyafunga yote juu ya baisikeli, na kuyapandisha hadi sokoni Butembo. Asiyeijua njia ile na aelewe: Butembo iko milimani, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Beni iko chini yake kwa mita mia kadhaa. Kwa hiyo mzigo hupanda kwa kusukumwa, jasho likitiririka, na baisikeli hurudi ikishuka kwa kasi ya kutisha. Kati ya miji hiyo miwili ni kilometa zipatazo 54. Mwenye gari husema, "Ni hapo tu." Mwenye baisikeli hasemi hivyo.

Siku moja ya kiangazi, wakati wa alasiri, alikuwa akiusukuma mzigo wake mlimani. Nyuma yake likaja lori, na mbele yake likatokea lori jingine. Lile la nyuma halikupunguza mwendo. Lilipiga honi tu. Halikumgusa. Nasema tena, halikumgusa hata unywele. Lakini aliposikia honi alijibana pembeni, gurudumu la mbele likateleza kwenye ukingo wa mfereji, mzigo ukamwelemea, naye akaanguka chini ya baisikeli yake mwenyewe. Mguu ulivunjika mahali pawili. Lori likaenda zake katika vumbi, na yamkini dereva hakujua kabisa yaliyotukia nyuma yake.

Alilala hospitalini majuma sita. Mafuta yalimwagika, ndizi zikaokotwa na wapita njia. Baisikeli ikauzwa ili kulipa dawa. Na muhula uliofuata, watoto wake wawili waliokuwa katika shule ya sekondari hawakurudi darasani, kwa maana karo yao ilikuwa ikitoka katika magurudumu yale mawili.

Tulipokwenda kumpa pole, mazungumzo yalikuwa kama mjuavyo. Mmoja alisema, "Kosa ni lake. Alipakia mno." Wa pili akasema, "La, kosa ni la dereva. Madereva wa siku hizi hawana huruma." Wa tatu, mzee wa kuheshimiwa, akatikisa kichwa na kusema, "Tuache kutafuta mkosaji, wanangu. Ajali haina kinga." Sote tukanyamaza, kama watu waliokwisha kupata jibu.

Lakini mimi neno lile halikuniacha. Jumapili iliyofuata nilipita mahali pale pale, nikashuka, nikapima kwa hatua zangu. Malori mawili yakipishana pale, huijaza njia yote. Baada ya njia ni ukingo wa udongo usiofika hata hatua moja. Baada ya ukingo ni mfereji. Palikuwa na mahali pa lori liendalo, mahali pa lori lirudilo, na mahali pa maji ya mvua. Mahali pa mtu mwenye baisikeli hapakuwapo.

Ndipo nilipofahamu kwamba mzee wetu, pamoja na heshima yake yote, hakusema kweli nzima. Radi ikimpiga mtu shambani, na tuseme kwamba ajali haina kinga. Lakini watu wakianguka kila mara katika mahali pamoja na kwa sababu moja, hiyo si ajali tena. Ni kama shimo lililoachwa wazi njiani. Na shimo laweza kufukiwa.

MTUMISHI ASIYE NA MAHALI

Tusiidharau baisikeli tukidhani ni chombo cha maskini tu. Tukumbuke ilivyotutumikia. Katika miaka ya vita, barabara ya kwenda Kisangani kupitia msitu wa Ituri iliharibika hata magari yakashindwa kabisa kupita. Ni nani aliyepeleka chumvi, sabuni na nguo kwa watu wa ndani? Ni vijana waliosukuma baisikeli siku nyingi katika matope, mizigo ikiwa mirefu kuliko wao wenyewe. Huko Kisangani baisikeli za kubeba abiria zilipewa jina la toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Na ng'ambo ya mpaka, huko Busia, kati ya Kenya na Uganda, ndiko lilikoanzia jina la bodaboda, nalo kwanza lilikuwa jina la baisikeli zilizovusha watu kutoka kituo cha mpaka huu hadi kituo cha mpaka wa pili. Pikipiki zilikuja baadaye, zikarithi jina.

Tena tunayo chukudu, ndugu wa baisikeli aliyechongwa kwa mti, anayebeba mamia ya kilo za viazi, makaa na mbao katika mkoa wetu. Mjini Goma chukudu imesimamishiwa sanamu yake katikati ya mzunguko wa barabara. Ni jambo jema kumheshimu mtumishi kwa sanamu. Lakini ajabu ni hii: mtumishi mwenye sanamu hana hata nusu mita ya njia aliyotengewa. Barabara ilipokufa, yeye ndiye aliyepita. Sasa barabara inafufuka, naye anaambiwa, "Ondoka, unazuia magari."

LAMI NI BARAKA, NA KASI NDANI YAKE

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu barabara zetu zinabadilika. Tarehe 16 Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walikutana mpakani, Mpondwe na Kasindi, wakazindua kazi ya kutengeneza barabara za kilometa 223: kilometa 80 kutoka Kasindi hadi Beni, 54 kutoka Beni hadi Butembo, na 89 kutoka Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma. Kwa sababu ya vita kazi hiyo haikwenda upesi kama ilivyotumainiwa. Hata hivyo, mahali lami inapofika, kila mtu hufurahi, nami nafurahi pamoja nao. Mgonjwa hufika hospitalini mapema, nyanya haziozi njiani, na mama haoshi vumbi kwenye sufuria kila siku.

Lakini lami huleta na kasi. Wanafunzi, chukueni kalamu. Gari liendalo kilometa 30 kwa saa hupita mita 8 na kidogo kwa kila nukta moja ya saa. Liendalo kilometa 60 hupita karibu mita 17. Sasa mtoto akitokeza mbele, dereva huhitaji nukta nzima kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kwa mwendo wa kwanza, gari limekwisha kula mita 8. Kwa mwendo wa pili limekwisha kula 17, nalo bado halijaanza kupungua. Kisha tazameni tena: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Ndiyo sababu anayegongwa na gari liendalo polepole mara nyingi huinuka akijipangusa, na anayegongwa na gari la kasi mara nyingi haamki.

Barabara ya mashimo ilikuwa mbaya, lakini mashimo yale yalimlazimisha dereva aende polepole. Tukiyafukia mashimo bila kuweka kinga nyingine mahali pake, tutakuwa tumemwondolea mwenye baisikeli mlinzi mbaya bila kumpa mlinzi mwema.

Kuna na jambo la mpakani. Uganda magari hupita upande wa kushoto, na Kongo hupita upande wa kulia. Dereva aliyevuka Kasindi usiku, mwenye usingizi, yampasa kukumbuka kubadili upande. Tena magari mengi ya kwetu yana usukani upande wa kuume, kama yale ya Uganda. Dereva wa gari la namna hiyo, akitaka kulipita lori lililo mbele yake katika barabara yetu, hawezi kuona yanayokuja mpaka ameisogeza nje karibu nusu ya gari lake. Na anayekuja mbele yake labda ni mtu wa baisikeli, asiye na taa wala chuma cha kumfunika.

Hesabu ya dunia nzima ni ya kuhuzunisha. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitaja kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kitu kinachowaua zaidi ya barabara: si malaria, si ukimwi, bali barabara. Na zaidi ya nusu ya wote waliokufa hawakuwa ndani ya magari. Walikuwa wakitembea kwa miguu, au juu ya baisikeli na pikipiki.

"WATU WANAUAWA, NAWE WATAJA BAISIKELI?"

Najua mmoja wenu anasema hivyo moyoni. Tangu mwaka 2014 vijiji vya Beni vimelia kwa ajili ya waliouawa kwa panga na bunduki. Watu wamezika, wamekimbia, wamezika tena. Je, huu ni wakati wa kuzungumza juu ya njia za baisikeli?

Najibu kwa unyenyekevu. Kwanza, mjane ni mjane, na yatima ni yatima. Njaa yao haiulizi baba alikufa kwa risasi au kwa lori. Pili, yako maovu ambayo sisi raia hatuna uwezo wa kuyazuia kwa mikono yetu, na hilo hutuumiza. Lakini hili la barabara ni katika machache tunayoyaweza. Yasiyowezekana yasitufunge mikono katika yanayowezekana.

Nanyi mlijifunza habari za kinga kwa gharama kubwa. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ukaanzia Mangina, ukaingia Beni na Butembo, na haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Ulichukua roho za watu zaidi ya 2,200. Je, tulipigana nao kwa kuwaambia watu, "Jihadharini," basi? La. Ndoo za maji ziliwekwa mlangoni pa kanisa, pa shule, pa soko na pa ofisi. Vizuizi vya kupimia joto viliwekwa barabarani. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Hakuna aliyesema, "Ugonjwa hauna kinga." Tuliitengeneza kinga, tukaiweka mahali mtu anapopita, hata yule msahaulifu akutane nayo. Barabara nayo yataka vivyo hivyo. Kumwambia mwenye baisikeli ajihadhari ni vema. Lakini maneno hayawezi kuwa ukuta.

NJIA ILIYOKINGWA NI NINI?

Ni njia ya pembeni ya barabara, ya baisikeli peke yake, iliyotengwa na magari kwa kitu ambacho gari haliwezi kukiruka kwa urahisi: ukingo wa saruji, mawe yaliyopangwa, mfereji wa maji, au mstari wa miti. Nasema kitu, sisemi rangi. Mstari mweupe uliochorwa chini ni mzuri kwa dereva mwenye adabu. Kwa dereva aliyelewa au aliyesinzia si kitu. Mstari hausimamishi lori.

Upana wake nao uwe wa kutosha. Baisikeli yenye magunia mawili huchukua nafasi pana kuliko mtu, na chukudu vilevile. Mita 2 kwa wanaokwenda upande mmoja si anasa. Humwezesha mwenye nguvu kumpita aliyechoka bila kuingia penye magari. Na panapo mlima, njia hiyo yafaa zaidi, kwa maana apandaye na mzigo huyumba kama mlevi, hata akiwa mtu wa maji matupu.

Labda mtasema hayo ni mambo ya Ulaya. Basi sikieni habari ya Uholanzi, nchi ambayo eneo lake ni dogo kuliko mkoa wetu wa Kivu Kaskazini. Leo nchi hiyo ina baisikeli nyingi kuliko watu, na njia za baisikeli zaidi ya kilometa 35,000. Wengi hudhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Baada ya vita vikuu vya pili, watu walinunua magari, wakabomoa na kupanua ili magari yapite, na baisikeli zikasukumwa kando. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Ndipo wazazi walipoinuka. Walitembea mabarabarani pamoja na watoto wao, wakafunga njia, wakawaandikia wakubwa wa serikali, na jina la chama chao lilikuwa kilio: komesheni mauaji ya watoto. Njia zile hazikutoka katika utajiri wao tu. Zilianza siku wazazi walipokataa kusema kwamba ajali haina kinga.

Na karibu zaidi, Dar es Salaam, mabasi ya mwendo kasi yalipoanza mwaka 2016 katika barabara ya Morogoro, kando ya njia ya mabasi palijengwa na njia za waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Somo la huko ni la pande mbili. La kwanza ni kwamba mji wa Afrika waweza kutenga nafasi hiyo, ikiwa imewekwa katika ramani tangu mwanzo. La pili ni kwamba njia isiyolindwa hunyang'anywa: pikipiki huingia, gari huegeshwa, na mwenye meza ya biashara huweka meza yake. Kwa hiyo kujenga ni nusu ya kazi. Kulinda ni nusu ya pili.

SASA NDIO WAKATI

Mwashi huacha nafasi ya dirisha wakati ukuta unapojengwa. Akisahau, kesho atavunja matofali. Vivyo hivyo barabara. Wakati greda linapolima ardhi, kuongeza mita 2 kila upande ni kazi ya siku hiyo hiyo. Lami ikiisha kukauka, na vibanda vikaota kando yake, kila mita itakuwa kesi, na kila kesi itakuwa uadui kati ya jirani na jirani.

Nami sisemi kilometa zote 54 zijengwe njia ya baisikeli kwa siku moja. Tuanze pale watu wanapobanana: mahali pa kuingia mjini, mbele ya masoko, karibu na shule, na kwenye milima ambako mtu hulazimika kushuka na kusukuma. Hapo pawekwe njia iliyokingwa, na matuta ya kupunguza mwendo. Vijijini, ambako fedha hazitoshi, hata ukingo wa udongo ulioshindiliwa vizuri ng'ambo ya mfereji, wenye vivuko vya mbao au mawe, humwokoa mtu. Hiyo ni kazi ya salongo ya Jumamosi chache. Butembo inajulikana kote Kongo kwa kujitegemea. Njia nyingi zilitengenezwa kwa michango ya wenyeji na ya wafanya biashara wake. Watu waliochanga ili malori yapite hawatashindwa kuchanga ili watoto wapite.

Wakuu wa mji na wa mitaa, nawaomba jambo moja. Mhandisi ajapo na karatasi zake, msimwulize tu, "Barabara itakuwa na upana gani?" Mwulizeni pia, "Mwenye baisikeli atapita wapi? Mtoto wa shule atapita wapi?" Kama hakuna jibu katika karatasi, basi karatasi haijakwisha.

WAJIBU WETU WENYE BAISIKELI

Tusiwalaumu wengine tu, tukajisahau. Njia njema haimponyi mjinga. Kwa hiyo, ndugu zangu wenye kinga, shikeni haya.

Kwanza, breki. Atokaye Butembo akishuka Beni kwa breki ya kiatu anacheza na mauti. Zitazame kabla hujapakia, si wakati umekwisha kuanza kuteremka. Na mteremko ukiwa mkali, shuka usukume. Hakuna aibu katika kufika.

Pili, mzigo. Usizidi nguvu zako, wala usitokeze pembeni kama mabawa. Mzigo unaokuzuia kutazama nyuma ni mzito mno hata kama ni mwepesi.

Tatu, mwanga. Sisi tukaao karibu na mstari wa ikweta twajua kwamba jua hutua kama saa 12 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Tia taa. Ukikosa taa, funga kitambaa cheupe nyuma, au kipande cha bati king'aacho. Dereva hawezi kumkwepa asiyemwona.

Nne, upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwenzake. Mazungumzo yatangoja mfike.

Tano, nanyi vijana sikieni vema: msishike lori kwa nyuma ili liwavute mlimani. Dereva hawaoni, na akikanyaga breki hamna pa kukimbilia.

Wazazi, mtoto wa shule asipewe baisikeli kubwa kuliko miguu yake, wala asibebeshwe wadogo zake wawili. Na ninyi madereva wa malori na wa pikipiki, mnapompita mtu wa baisikeli, mwachieni nafasi ya mita moja na nusu. Kama nafasi hiyo haipo, ngojeni. Honi haitengenezi nafasi. Humtisha tu aliye mnyonge, kama ilivyomtisha jirani yangu.

MWISHO

Yule jirani sasa anatembea, akichechemea. Hawezi tena kusukuma mzigo mlimani. Mwanawe wa kwanza, ambaye angalikuwa anamaliza masomo, ameazima baisikeli ya mjomba wake, naye ndiye apandishaye ndizi siku hizi katika njia ile ile. Kila Jumanne na Ijumaa alfajiri namsikia akiitoa uani, kengele ikilia kidogo. Na jioni mama yake husimama mlangoni akiitazama barabara mpaka amwone.

Mara moja niliketi tena na yule mzee wa kuheshimiwa, nikamweleza yote niliyowaandikia hapa. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, labda ajali haina kinga kwa sababu hatujaijenga." Hilo lilikuwa neno la mtu mzima.

Lugha yetu inayo maana ya tatu ya neno hili. Kinga ni kijinga cha moto pia, na methali yasema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja peke yake huzimika. Mwenye baisikeli peke yake hawezi kujenga njia, wala mkuu wa mtaa peke yake, wala mhandisi peke yake. Juma hili, basi, kila mmoja apite katika barabara ya kwao, atafute lile shimo lililo wazi, mahali ambapo mtu hana pa kupita, kisha alitaje mbele ya mkutano wa mtaa. Akilitaja mmoja, watasema ni manung'uniko. Wakilitaja kumi, patatafutwa majembe.

Kwaherini, na mfike salama.

Ni mimi, Mpita Njia.